Mngurumo wa Saba

Walipiga makofi kwanza. Watu wengi hawaniamini hapo, lakini mimi nilikuwepo, nyuma ya shuka ya sinema, mikono imekufa ganzi kwa kuishika. Sinema iliisha, Zimwi akabatizwa mtoni na pembe zake kichwani, wale vijana wakapiga makofi na mmoja akapiga mluzi. Halafu wakaokota mapanga yao chini ya mabenchi, Hosea akabeba jerikeni ya petroli, wakatoka kwenye jua la saa nane kwenda kuchoma nyumba zetu.

Yangu ilikuwa ya tatu kutoka barabarani. Mama yangu alikuwa ndani.

Sitaji kabila la mtu hapa. Kabila halikubeba jerikeni. Aliyebeba ni mtu, ana jina, ana mikono miwili, na mpaka leo anaitumia hiyo mikono kunywea chai. Mimi niliishia darasa la tano na sijui kuandika kwa kuzunguka. Petroli ilitoka kwa Wilson wa Kinu. Jerikeni ilibebwa na Hosea. Hayo nitayarudia. Lakini kwanza nieleze juu ya mtu aliyewaonyesha sinema siku hiyo, kwa sababu watu wamemcheka sana, na mimi nimemcheka kuliko wote, na kuna miaka nimemchukia.

Tulimwita Mwana wa Zimwi. Alikuwa amepita miaka hamsini, ana mvi na kitambi, na bado alikuwa mwana. Hakukasirika. Ukimwita kwa jina lililo kwenye kitambulisho, alikuwa anageuka nyuma kuangalia ni nani anaitwa.

Alikozaliwa sijui na sikuuliza. Baba yake na baba yangu walikuja Eldoret kutoka upande wa ziwa kufanya kazi kiwanda cha nguo, na baba yake alikuwa idara ya rangi. Alikuwa mtu mrefu mpaka anainama kwenye geti. Mpiga picha mmoja wa mjini, aliyekuwa na kamera ya sinema, alimwona akitoka zamu na mikono ya buluu mpaka kwenye kiwiko, akamwambia, wewe ndiye namtafuta. Wakaenda msitu wa Timboroa wiki mbili, wakatengeneza sinema ya Zimwi anayekula wachunga ng'ombe. Kasisi, ambaye peke yake alikuwa na ukumbi huku kwetu, alisema haitaonyeshwa mpaka Zimwi aokoke. Wakarudi wakaongeza kipande cha kubatizwa. Pembe hazikutoka kwa sababu zilikuwa zimegandishwa na gundi ya mbao.

Yule mzee alikuwa maarufu, na msicheke. Kutoka Turbo mpaka Timboroa hakuna mtu wa rika langu ambaye hakulala na taa kwa ajili yake. Kule kiwandani watu hawakukubali kupanga foleni mbele yake siku ya mshahara, walitaka yeye awe mbele, wamwone. Alipokufa, waombolezaji walikaa mbali na jeneza mpaka daktari wa kliniki akaja akasema kwa sauti kwamba amekufa kabisa.

Sasa sinema yenyewe ilikuwa na kasoro moja, na hiyo kasoro ndiyo maisha ya Mwana wa Zimwi. Watu wote kwenye ile sinema walisikika wakiongea, ng'ombe walisikika, hata mto. Lakini Zimwi alipofungua mdomo kunguruma, sauti ilikatika. Siku ya kwanza kule msituni alinguruma, maikrofoni ikafa. Wakaleta ya pili, nayo ikafa. Wakaamua kuendelea hivyo hivyo. Kwa hivyo Zimwi anafungua mdomo mara saba kwenye ile sinema, na mara zote saba hakuna kitu kinachotoka. Baba yake alikuwa anafuatana na mkanda kila mahali unapoonyeshwa, anasimama kando ya shuka gizani, na mdomo ukifunguka kule, yeye ananguruma hapa. Alipokufa, mtoto akachukua nafasi. Sura ilikuwa ya baba, sauti ya mtoto. Miaka ishirini na zaidi, kila Jumatatu ya Pasaka, katika darasa la shule ya msingi lililozibwa madirisha kwa magunia.

Siku nyingine za mwaka alifanya kazi kliniki ya watoto. Kazi yake ilikuwa kuwatundika kwenye mizani. Unamletea mtoto, anamvalisha ile kaptura ya kitambaa yenye kamba, anamning'iniza, anasoma uzito. Mama anamwambia mtoto nyumbani, ukilia nitakupeleka kwa Mwana wa Zimwi, halafu Jumanne anampeleka kweli, kwa sababu ni siku ya kliniki. Wale wadogo walimcheka usoni. Wale wa miaka mitatu, minne, waliosikia habari, walinyamaza kama mawe, na manesi walimpenda kwa hiyo.

Yeye mwenyewe aliogopa karibu kila kitu. Mbwa aliogopa. Kuku hakuweza kuchinja. Krismasi alikuwa anamleta jogoo kwangu akiwa amemfunika na gazeti, anasema, "Baba Sammy, nisaidie na huyu, mimi niko na kazi kidogo," halafu anaenda kusimama nyuma ya choo mpaka kelele ziishe. Umeme ukipotea, alikuja kukaa kwetu. Mama yangu alikuwa anamuuliza, "Sasa wewe na baba yako, ni nani alikuzaa?" Anacheka, anamega ugali.

Ndani ya nyumba yake, chumba cha mbele kilikuwa cha mzee. Kulikuwa na koti lililoshonwa kwa mablanketi, pembe za ng'ombe dume kwenye ubao, mkebe wa bati wenye mkanda, na projekta imefunikwa na kitambaa cha meza. Meno ya Zimwi, yaliyochongwa kwa pembe, yalikaa kwenye glasi ya maji. Maji ya nini, tulimuuliza, pembe haikauki. Akasema mzee aliyaweka hivyo. Taabu ni kwamba yeye pia alikuwa na meno ya bandia, ya juu, na glasi yake ilikuwa pembeni. Jumapili moja umeme ulipotea asubuhi na mapema. Alifika kanisani akaimba vizuri nyimbo mbili, na wakati wa kupokea meza ya Bwana akafungua mdomo. Mchungaji alirudi nyuma hatua tatu na sahani. Ilibidi Wilson wa Kinu, aliyekuwa mzee wa kanisa, amshike mchungaji mgongo. Wilson alicheka siku hiyo mpaka akatoa machozi. Nataja hilo ili mjue tulikuwa watu wa kucheka pamoja.

Alikuwa na neno lake moja. "Hapo mzee angengoja." Alilitumia kwa kila kitu. Mwanasiasa akipayuka kwenye redio, anasema, hapo mzee angengoja. Dereva akipiga honi, mhubiri akipiga meza, mke wangu Prisca akianza kunigombeza kabla sijafunga mlango, hapo mzee angengoja. Aliamini kitisho ni kungoja. Zimwi anafungua mdomo, unahesabu moja, mbili, watu wanajua inakuja, haiji, ndiyo sasa inakuja.

Kazi yangu mimi ilikuwa shuka. Natengeneza baiskeli, lakini Pasaka nilikuwa mshika shuka. Hakukubali ipigiliwe misumari. Alisema shuka iliyopigiliwa ni maiti. Lazima watu wawili waishike, mmoja kila upande, na Zimwi akinguruma waitikise kidogo tu, kama upepo wa mdomo wake umeifikia. Mimi upande mmoja, Prisca upande wa pili. Aliyeshika shuka haoni sinema vizuri, anaona kinyume, lakini anawaona watu, kwa sababu shuka ni nyembamba na mwanga wake unarudi kuwapiga usoni. Miaka hiyo yote mimi sikuwa natazama Zimwi. Nilikuwa natazama majirani.

Na mama yangu alikuwa anakohoa. Kifua chake kiliharibikia kiwandani, kwenye vumbi la pamba. Ilikuwa kikohozi kikavu, mara tatu, kinapumzika, mara moja tena. Mtaa mzima ulikijua, ukikisikia unajua mama ameamka, weka maji ya chai. Na alikuwa na kisirani kimoja: Zimwi akifungua mdomo, watu wote wamenyamaza, wanangoja, yeye anakohoa. Hasa ule mngurumo wa saba, ambao mzee alingoja sana kuliko yote. Kimya kabisa, halafu khu khu khu. Watu wanacheka, kitisho kimeharibika. Mwana wa Zimwi alikuwa anakuja kumbembeleza mapema. "Mama, leo kohoa mapema, umalize." Anamjibu, "Mwambie baba yako afunge mdomo mapema, mimi nitakohoa nikitaka."

Hosea alikulia kwenye chai ya mama huyo. Akitoka shule anapita kwetu, anapewa kikombe na kiazi. Pasaka moja, akiwa na miaka saba au nane, alijikojolea kwenye mngurumo wa nne, na mama ndiye alimfunga leso yake kiunoni atoke bila kuonekana. Mimi nililiona kutoka nyuma ya shuka. Sikumwambia mtu mpaka leo. Leo nasema.

Basi, kura zilipigwa, matokeo yakasomwa, mnajua yaliyofuata. Barabara ya Nakuru ilifungwa kwa mawe kutoka kwetu mpaka Cheptiret. Tulikuwa nyumba tisa za watu wa kuja, mstari mmoja. Saa tano asubuhi wakaja vijana kama ishirini, Hosea mbele, wanapiga mabati kwa panga na kupiga nduru. Tulikuwa tumejifungia. Wakaanzia mwisho wa mstari, kwa Mwana wa Zimwi, kwa sababu nyumba yake ilikuwa karibu na kinu.

Mlango ukafunguliwa, na akatoka amevaa. Alikuwa na koti, pembe na meno. Mchana kweupe, na chini amevaa viatu vya kliniki. Mimi nilimwona kupitia ufa wa dirisha. Vijana waliacha kupiga mabati. Halafu mmoja akacheka, wote wakacheka, na yeye akatoa yale meno, akayashika mkononi, akawaambia kwa sauti yake ya kawaida ya kusoma uzito:

"Hosea, kijana wangu, mmeharibu. Mmepiga kelele kutoka kule barabarani. Mtu akishaogopa mkiwa mbali hivyo, mkifika mlangoni mtamwogopesha na nini? Hapo mzee angengoja."

Mtu amekuja kukuchomea na wewe unamsahihisha. Kijana mwingine akasema, "Mzae, kwani hiyo muvi bado iko?"

"Iko."

"Tuwekee, bana. Si tukichoma hatutaiona tena."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, sijaongeza kitu. Wakakubaliana hapo nje, kwa sauti, kama watu wanaopanga harusi. Sinema kwanza. Mahali pa giza ni stoo ya Wilson. Jenereta ni ya Wilson. Wilson akaitwa, akaja na funguo, akasema jenereta haina petroli, petroli yote aliyokuwa nayo amewapa. Ikabidi Hosea amimine kutoka kwa ile jerikeni. Alimimina karibu nusu, akiwa anaangalia kwa jicho moja, anasema, "Inatosha, inatosha, tubakishe ya kazi."

Halafu kukawa na shida ya shuka. Hakuna kijana aliyekubali kuishika, kwa sababu anayeshika haoni. Mwana wa Zimwi akasema hawezi kufanya kazi bila mtu wake. Wakaja wakanigongea mlango. Waliokuja kuniua wakanigongea mlango waniombe nikashike shuka. Upande wa pili wakaufunga kwenye ndoano ya mizani ya magunia.

Alipokuwa akinipa ncha ya shuka, aliniambia kwa chini, "Tuna saa moja na robo. Prisca anajua."

Prisca alijua. Wakati vijana wamekaa kwenye mabenchi ya stoo, watu wetu walitoka mmoja mmoja nyuma ya nyumba, wakapita kwenye mahindi makavu, wakaenda mpaka kwenye lami ambapo lori la polisi lilikuwa linabeba watu kuwapeleka uwanja wa maonyesho, uliogeuzwa kambi. Mwana wa Zimwi aliivuta ile sinema kadiri alivyoweza. Alianza na hotuba juu ya baba yake. Alisimamisha projekta mara mbili kusema imepata moto. Akinguruma, alingoja kungoja ambako sijawahi kuona, mpaka vijana wakawa wanashikana mikono. Mngurumo wa nne nilimwangalia Hosea. Alikuwa amebana mapaja.

Nikawaona wote. Mwanga wa Zimwi uliwapiga usoni mmoja mmoja, kumi na tisa, na Wilson wa ishirini, amesimama mlangoni amekunja mikono. Mngurumo wa saba ulipofika, mzee akafungua mdomo, kukawa kimya, na hakuna aliyekohoa. Nikasema moyoni, Mungu ni mwema, mama ametoka.

Hakuwa ametoka. Prisca alimwomba mpaka akalia. Jirani alitaka kumbeba mgongoni, akampiga kofi. Alisema, "Hosea nilimpa chai. Hosea hawezi kunichoma. Nendeni na watoto, mimi nitamngoja nimuulize kama mama yake anajua aliko."

Safari hii walianzia barabarani, na petroli iliyobaki ilitosha nyumba nne. Ya nne haikushika vizuri. Ya Mwana wa Zimwi, ya tisa, haikuguswa. Sasa mnaelewa kwa nini nimemchukia. Nimekaa kambini nikipiga hesabu ya petroli kichwani. Kama hotuba ingekuwa ndefu zaidi. Kama angesimamisha projekta mara tatu. Jenereta ingekunywa kikombe kimoja zaidi, vikombe viwili, na moto ungeishia kwa jirani. Nilimwambia hivyo usoni, kwenye hema, mbele ya watu. Hakujitetea. Alisema, "Niliogopa wangechoka watoke." Halafu akasema, "Nilipaswa kungoja zaidi."

Kwenye hema alikaa miezi saba, na kitu alichookoa ni koti na pembe tu, kwa sababu alikuwa amevivaa tulipokimbilia mahindini wao wakichoma. Mkanda na projekta vilibaki kwenye stoo ya Wilson. Watu wa kambi walimwomba awangurumie. Alikataa, akasema bila picha ni kelele tu. Siku moja watoto walimlilia sana, akawakalisha chini, watu wawili wakashika turubai jeupe lisilo na kitu, na yeye akasimama kando akanguruma mara saba, akiacha katikati muda kamili wa sinema. Tulikaa saa moja na robo tukitazama turubai. Hakuna aliyeondoka. Tulijua kila kipande.

Kuutafuta ule mkanda alianza mara tu barabara ilipofunguliwa. Alienda kwa Wilson, na mimi nikamsindikiza.

"Mkanda upi?" Wilson akasema.

"Wa mzee. Niliuacha kwenye stoo yako."

"Siku ile vitu vingi viliungua, Mzee. Hata mimi nilipoteza."

"Stoo yako haikuungua."

"Tusirudishe mambo ya zamani. Kunywa chai."

Miaka yote hiyo alienda kila mwezi, na kila mwezi alipewa chai.

Mimi kwa upande wangu nilienda kuandikisha ushahidi. Walikuja watu na madaftari, wakasema aliyeona aseme. Nikawaambia niliona watu ishirini, nawajua kwa majina, hawa hapa. Yule afisa alikuwa na kalamu nzuri.

"Uliwaona ukiwa wapi?"

"Nyuma ya shuka."

"Ulikuwa umejificha?"

"Hapana. Nilikuwa naishika. Walikuwa wanatazama sinema."

"Waliokuja kuchoma?"

"Ndiyo."

"Sinema gani?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, mpaka kubatizwa. Aliniangalia kwa huruma, akaandika kitu kifupi, akaniambia kuna mama mmoja hema la kumi na mbili anayeongea na watu waliopata mshtuko.

Ndiyo hali hiyo. Watu wengine walipewa vipande vya ardhi huku na kule. Mwana wa Zimwi alipata kijishamba Timboroa, karibu na ule msitu ambamo baba yake alikuwa anakula wachunga ng'ombe kwenye picha. Ile nyumba yake ya tisa, iliyosimama bila kuguswa, alikataa kurudi kuikalia. Hakuniambia sababu, na mimi sikuhitaji kuambiwa. Baridi ya kule ikamwingia kifuani. Akawa anatembea amevaa lile koti la Zimwi, si kwa ajili ya mzee tena, ni kwa ajili ya joto, na watoto wa Timboroa wakadhani ni koti tu.

Mwaka jana alinipigia simu. "Baba Sammy, njoo. Mkanda umepatikana."

Nilipanda kule. Wilson sasa ni mwenyekiti wa kamati ya amani ya kata. Hosea ni katibu wake, anauza maziwa, ana pikipiki mbili. Walikuwa wanapanga siku ya maridhiano, na mtu kwenye kamati akasema, mnakumbuka ile sinema ya Pasaka? Wilson akasema, bila hata kufikiri, "Filamu iko. Tutafute yule mzee aje kunguruma." Filamu iko. Ilikuwa juu ya dari ya stoo, imefungwa kwenye gunia la unga, kavu kabisa.

"Hutaenda," nikamwambia.

"Naenda."

"Utamngurumia Wilson? Akae kiti cha mbele apige makofi tena?"

"Sina haja na Wilson. Mzee amefungua mdomo juu ya dari miaka hiyo yote hakuna mtu wa kumjibu." Akakohoa. "Nani atashika shuka?"

Nilishika shuka. Prisca alikataa, alisema hatakanyaga pale akiwa hai, na ncha ya pili ikafungwa tena kwenye ile ndoano. Stoo ile ile, madirisha yamezibwa na magunia, saa saba mchana. Viti vya plastiki, maji ya chupa, bango la amani. Wilson mbele na tai, Hosea pembeni yake. Wengine kwenye wale kumi na tisa niliwaona pia, wamenenepa, wana watoto magotini.

Zimwi akatokea kati ya miti. Watu wazima wakacheka kwa furaha. Akafungua mdomo mara ya kwanza. Tukangoja. Moja, mbili, tatu. Nikajiandaa kutikisa.

Mwana wa Zimwi hakunguruma. Alisema, kwa sauti ya kusoma uzito wa mtoto: "Petroli ilitoka kwa Wilson."

Watu walicheka. Walidhani ni mzaha wa kumtania mwenyekiti. Wilson mwenyewe alitabasamu, nilimwona. Sinema ikaendelea, wachunga ng'ombe wakaimba wimbo wao. Mdomo ukafunguka mara ya pili.

"Jerikeni ilibebwa na Hosea."

Hapo kicheko kilikuwa kidogo. Mara ya tatu alisema, "Walitazama kumi na tisa." Ya nne, "Hosea, umekaa vizuri?" kumbe naye aliiona siku ile ya leso, na mtu mmoja nyuma akacheka kwa kukosea, akajikatiza. Ya tano ilikuwa juu ya mkanda, kwamba uliibwa humu na mwizi ana tai. Na kila mara ilikuwa ni sura kubwa ya mzee, na pembe, na meno, mdomo wazi mbele yetu, na maneno yanatoka pale. Hakuna aliyethubutu kusimama. Waliokuwa wamekua na lile zimwi walikuwa wamerudi kuwa watoto, wanangoja wajue litasema nini.

Mara ya sita akangoja sana. "Nyumba ya tatu kulikuwa na mama."

Niliitikisa shuka. Sikuitikisa kidogo.

Mdomo ulipofunguka mara ya saba, Wilson alikuwa ameshafika kwa jenereta. Ikazimika. Tulibaki gizani na harufu ya petroli, wote tumenyamaza, na mimi nikajikuta natega sikio.

Nilimsindikiza mpaka stendi. Alibeba mkebe wa mkanda kifuani, hakuna mtu aliyemzuia. Alikuwa na huzuni, na nilidhani anaogopa. Akaniambia, "Ile ya pili niliwahi, sikungoja. Nimemharibia mzee picha yake."

"Ya saba ulitaka kusema nini?"

Alingoja kama baba yake. "Ya saba haikuwahi kuwa yangu. Mama yako alikuwa ananipokonya kila Pasaka. Hiyo ni yako."

Alipanda gari la Timboroa. Mpaka sasa hivi ninapoandika sijamwona tena.

Basi ya saba ni hii. Hosea, umesema kwenye kamati na umesema kanisani kwamba mliikuta nyumba tupu. Ulizunguka hiyo nyumba ukiwa unamwaga, upande wa jikoni, upande wa dirisha lake, na mtu anayemwaga petroli anaenda polepole isimrukie. Mama hakuweza kukaa kimya hata kwa Zimwi. Mara tatu, anapumzika, mara moja tena. Ulikijua kile kikohozi kabla hujajua kusoma. Ulimsikia akikohoa, au hukumsikia? Unipatie jibu. Mimi niko kwenye banda la baiskeli, nangoja.